Lupakisyo na Betri Zilizoanikwa Ukweni

Ukimwona mwanamume mzima amechuchumaa nje ya ua wa nyasi, uso kaugeuzia mgombani, anamweleza kuku jike habari za volti, usikimbilie kuita watu. Hajapagawa. Huyo ni Lupakisyo, yuko ukweni kwake Kilosa, na kuku ndiye mkalimani.

Kwa kuku tutafika. Kwanza mjueni mwenyewe, maana mtu hafikii hali ile kwa siku moja.

Babu yake alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge Kimamba, akaaga kwao kwamba anakwenda msimu mmoja. Msimu huo haujaisha hadi leo. Mkonge ulipolegea, watoto wake wakageukia mahindi, wajukuu wakageukia chochote kilichopita mbele yao, na kilichopita mbele ya Lupakisyo kilikuwa simu. Akahamia Mikumi, akafungua kibanda kando ya lami, pale malori yanaposimama, akawa anafufua simu za madereva: zilizoangukia kwenye supu, zilizokaliwa, zilizorushwa ukutani baada ya maongezi na wake zao. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole, na tabia yake ya kukera ilikuwa moja tu. Kitu kikishamwingia kichwani hakitoki mpaka kimwaibishe.

Siku moja dereva mmoja akamwachia rimoti ya ndege ya kuchezea. "Itengeneze, nikirudi nitaipitia." Hakurudi. Lupakisyo akabaki na rimoti nzima, inawaka taa zote, haina ndege. Mtu mwingine angeiuza. Yeye akatengeneza ndege.

Aliichonga kutoka kwenye lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Akaipaka rangi ya kahawia tumboni, akaiwekea mkia mpana, akaiita Mwewe. Mota na panga lake la kuzunguka akaviagiza Kariakoo. "Sasa imebaki betri tu," akasema. Betri tu! Wote husema hivyo kabla hawajaanza.

Kwanza alimfunga Mwewe betri ya pikipiki. Hoja yake ilikuwa kwamba kama betri hiyo inawasha pikipiki inayobeba mtu, mkewe na gunia la mkaa, itashindwaje na povu? Mota ililia kwa nguvu zote. Mwewe akakaa palepale chini, kama mgeni anayesubiri chakula. Ilikuwa sawa na kumtwisha kifaranga tofali na kumwambia apae.

"Huyo haruki," alisema mkewe, Mwanvua, aliyekuwa akikaanga chipsi kibanda cha pili. "Huyo analima."

Mwanvua ni wa Kilosa, mtoto wa bondeni kwenye mpunga. Yeye ni wa msikitini na Lupakisyo ni wa kanisani, wakafunga ndoa bomani ili pande zote mbili zilalamike sawasawa. Ndoa ilishika. Siri yake, akiulizwa, Mwanvua husema ni kwamba mume wake akiwa na kazi mkononi hasikii anachoambiwa, kwa hiyo unaweza kumtukana bila kumuudhi.

Baada ya pikipiki, Lupakisyo akapasua laptop zilizokufa, akatoa zile seli ngumu za duara, akaziunga kwa waya. Hizo zilikuwa nyepesi na zenye akiba kubwa, lakini hazikuwa na haraka. Ukiziomba umeme mwingi kwa mara moja zinaduwaa, kama karani aliyeombwa kazi saa ya chai. Mwewe akapanda hadi kimo cha mbuzi, akafikiri, akashuka.

Halafu akauziwa betri ya Dar es Salaam, ya mfuko laini, juu yake imeandikwa namba kubwa kuliko idadi ya watu wa Mikumi. Akaipeleka kwenye mizani ya muuza nyanya. Ikawa nyepesi kuliko nyanya. Akaifungua kwa wembe, akakuta kiseli kimoja kidogo kimekumbatia kipande cha sifongo. Tangu hapo namba za kwenye karatasi hazimwambii kitu. Betri anaipima kwanza kwenye mizani, ndipo anaisoma.

Mwisho alipata zenyewe, zile zinazoitwa lipo: seli tatu zimefungwa pamoja, laini kama mkate uliobanwa, pembeni kimening'inia kiwaya cheupe cha kuchajia kila seli kwa kipimo chake. Ndogo, lakini ukizidai zinalipa papo hapo. Mwewe akaondoka mkononi kama aliyeitwa.

"Betri ni kama mke," Lupakisyo alitangaza, furaha imemlevya. "Usitazame ukubwa. Tazama kama utaweza kumbeba, na kama ukimwomba atatoa."

"Na mimi ulinipima kwa mizani ya nyanya?" Mwanvua akauliza, kisu cha kumenyea viazi mkononi.

Mfano huo hakuutumia tena.

Mikumi hakuruka sana. Askari wa hifadhi walimfuata kibandani, wakaagiza chipsi kwanza, kisha wakamweleza taratibu. "Kaka, dude lako ni zuri. Lakini hapa ni mpakani mwa wanyama. Nyati wakitimka wakaingia lami, utawarudisha na rimoti?" Akakubali kwamba hataweza. Mwewe akapandishwa juu ya kabati, na betri zake zikakaa kwenye sufuria ya mchanga zikiwa na chaji nusu, maana lipo ina masharti kuliko bwana harusi: usiilaze imeshiba, usiilaze na njaa, usiichaji ikiwa bado moto, usiiweke juani, na ukiinyonya kupita kiasi haifufuki hata ukiiombea. Kwa ajili ya hilo la mwisho Lupakisyo alimwekea Mwewe king'ora kidogo. Nguvu zikikaribia kuisha, kinalia. Kikilia, unashuka. Hakuna mjadala.

Basi, mwezi wa sita simu ikapigwa kutoka Kilosa. Mama yake Mwanvua, Bi Sikuzani, ameanguka kutoka kwenye dungu.

Mtu wa bondeni hahitaji kuelezwa, lakini wewe uliyezaliwa kwenye vyumba vya kupanga pengine hulijui. Dungu ni jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya shamba, mtu anakaa juu yake kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile nafaka. Mpunga ukishakomaa, kweleakwelea wanakuja. Kindege chenyewe ni kidogo, hakijazi hata kiganja, ila hakijui kutembea peke yake. Wanakuja wingu zima, wanatua jarubani, kwenye kipande cha mpunga kilichozungushiwa matuta, na wakiondoka unabaki na mabua yamesimama wima kwa aibu. Bi Sikuzani alikuwa ameamia ndege maisha yake yote kwa teo la kurushia mawe, kwa debe na kwa matusi. Mwaka huu mti mmoja wa dungu ulikuwa umeliwa na mchwa. Ukavunjika, akaja chini nao, na kifundo cha mguu kikavimba kama kiazi kitamu. Na mpunga ule ndio chakula chake cha mwaka mzima. Hana kingine.

"Mama, usihofu," Mwanvua alisema kwenye simu. "Tunakuja na Mwewe."

"Mje na nani?"

Wakaja. Lupakisyo akaomba ruhusa kwa viongozi wa pale, akapewa kwa sharti kwamba asivuke reli wala barabara. Jioni ya kwanza Mwewe akapita juu ya majaruba, na wale kweleakwelea, walioyazoea madebe ya kijiji kizima hadi wakawa wanayafuata kwa mdundo, walipoona kivuli kile cha kahawia wakatawanyika wakipiga kelele. Bi Sikuzani, aliyekuwa kibarazani amenyoosha mguu, alicheka mpaka akajishika mbavu.

Lakini hakumwambia mkwe wake kitu. Hapo ndipo anapoingia kuku.

Pale kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Salamu ndiyo pekee inayopita moja kwa moja: anachuchumaa mbali, anatazama pembeni, "Shikamoo mama," "Marahaba," basi. Hatamki jina lake, wala yeye hatamki la mkwe. Hakanyagi uani kwake. Likiwapo la kusema, linapita kwa Mwanvua, na Mwanvua asipokuwapo, linasemwa kwa sauti kwa kiumbe kingine kilicho karibu, na mwenye masikio anasikia. Kiumbe cha karibu kilikuwa kuku wa kishingo asiye na shughuli nyingi.

"Kuku," Bi Sikuzani aliwahi kusema, "hivi mwenzio kwa nini anazika betri?" Alimwona Lupakisyo akizipanga ndani ya chungu chake cha zamani kilichovunjika mdomo, zimelala kwenye mchanga.

"Kuku, mwambie mama siziziki. Nazilaza zipoe. Na ikitokea moja imewaka, moto unaishia mchangani."

"Kuku, betri gani hiyo inawaka? Redio ya marehemu haikuwahi kuwaka."

"Kuku, hizi ni za aina nyingine."

Na Lupakisyo, kwa vile hajui kueleza kwa kifupi, akaendelea hadi kuku akasinzia: kwamba betri kubwa ingempa Mwewe muda mrefu lakini ingemlemea hewani, kwamba mota ndiyo inayokula, lakini ukiizima Mwewe anateleza bure kwa upepo, kwamba betri iliyotoka kazini ipumzishwe kivulini kwanza. Kila jioni hivyo. Ndani ya ua Bi Sikuzani alikuwa akikatakata mboga.

Mambo yalikwenda vizuri. Betri zilikuwa tatu. Moja inaruka, nyingine inapoa, ya tatu inachajiwa kwa paneli ya sola kupitia ile betri ya pikipiki, ambayo hatimaye ilipata kazi inayoiweza. Lupakisyo alijiachia. Alimzungusha Mwewe mfululizo hata pasipo na ndege, alimgeuza chali, alimpitisha juu ya shamba la jirani, Petro, aliyekuwa bado anapiga debe.

"Rubani!" Petro alikuwa akiita. "Ukitua Dodoma nisalimie!"

"Piga debe lako, Petro. Ndege wanataka muziki."

Ikafika siku ya mwisho. Kesho yake watu wa kuvuna walikuwa wanakuja, wameshaalikwa na pombe ya mtama imeshachachuliwa kwa jirani. Ilibaki jioni moja tu ya kuulinda mpunga. Mwanvua alikwenda Dumila asubuhi kuuza vitunguu ili wavunaji wapate kitoweo. Lupakisyo akaruka asubuhi kwa betri moja, akashuka kabla ya king'ora, akaenda kuisalimia mashine ya maji iliyoharibika kwa jirani. Mbili nyingine alikwishazijaza tangu mapema kwa ajili ya jioni, akaziacha chunguni.

Aliporudi, jua la mchana likiwa kali, chungu kilikuwa na mchanga peke yake.

Akachuchumaa nje ya ua. Akageuzia uso mgombani.

"Kuku, naomba uniulizie. Humu kulikuwa na betri mbili. Sizioni."

Ndani ya ua maji yakasikika kwenye beseni. Bi Sikuzani alikuwa anaukanda mguu kwa maji ya moto na chumvi.

"Kuku, mwambie mwenzio asihangaike. Nimezikuta zimelala kwenye mchanga wa baridi kama maiti, nikazionea huruma. Leo zina kazi kubwa. Nimezianika."

"Umezianika wapi, kuku?"

"Juani, kuku. Watu huanika wapi, kisimani? Hapa uani kwenye bati, pamoja na makopa ya muhogo."

"Kuku, mwambie mama azitoe sasa hivi. Hizo zimejaa chaji, zikipata joto zinavimba, zikivimba zinalipuka!"

"Kuku, mwambie mwenzio kwamba baba yake Mwanvua, Mungu amrehemu, alisikiliza mpira miaka yote kwa betri za kuanika. Zikichoka zaidi tuliziuma kwa meno. Na mdomo haukulipuka. Tena hizi zimeshaanza kupata nguvu. Zimenenepa."

"Zimenenepa?"

"Zimenenepa vizuri, kuku. Kama andazi."

Lupakisyo akasimama. Kuku, aliyekuwa amevumilia mengi katika kazi hiyo, akaondoka.

Ndani ya ua kitu kikafoka, *fssss*, kama sufuria ya maharage iliyofumuka, na moshi mweupe wenye harufu ya peremende iliyooza ukapanda juu ya uzio. Sasa fikirieni shida ya mtu huyu. Moto uko uani kwa mama mkwe. Mama mkwe yuko uani, kanga imepandishwa magotini kwa ajili ya mguu. Na yeye hata kivuli cha ua huo hajawahi kukikanyaga.

Akaingia kinyumenyume.

Ndiyo, kinyumenyume, mgongo mbele, chungu cha mchanga kifuani, macho yake yakiangalia alikotoka ili yasije yakaona yasiyotakiwa. Hatua chache tu, kisigino kikatumbukia kwenye beseni la maji ya moto. Akaruka juu akilia "Yesu wangu!", akachota mchanga, akautupa kwa nyuma kupitia begani kuelekea moto. Mchanga wote ukampata Bi Sikuzani.

"Beseni!" Bi Sikuzani akafoka, akitema mchanga, maana kuku hakuwapo. "Mwambie mwenzio moto uko kushoto!"

"Beseni, ile nyingine je? Imeshika?"

"Hiyo iliyonenepa? Iko hapa pembeni, inahema."

"Isiguswe kwa mkono! Isukumwe mbali, beseni, iingie mchangani!"

Bi Sikuzani akavuta mchi wa kutwangia, akaipiga betri iliyovimba pigo la pembeni. Ikaruka, ikatua kwenye mchanga aliomwagiwa. Ile ya kwanza ikaendelea kuunguruma juu ya bati, ikirusha cheche, hadi ilipochoka na kubaki ganda jeusi katikati ya makopa. Bati halikudhurika. Makopa yalikuwa yameungua nusu.

Lupakisyo bado amewapa mgongo wote wawili, beseni na mama mkwe.

"Beseni," Bi Sikuzani akasema mwishowe, kwa sauti ndogo kuliko kawaida, "muulize kama zilikuwa za muhimu sana."

"Beseni, mwambie mama zilikuwa za jioni hii."

Akatoka hivyo hivyo, sasa kwa mbele, akichechemea.

Ile iliyovimba haikufaa tena. Lipo ikivimba imekwisha, hata kama inaonyesha chaji. Ukiipandisha angani umepandisha bomu. Akaizika mbali na nyumba, safari hii akiizika kweli. Imebaki ile moja ya asubuhi, iliyo ndani ya Mwewe. Akaitoa, akaigusa shavuni kuhakikisha imepoa, akaiunga kwenye chaja chini ya kivuli cha mgomba, akakaa nayo kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Paneli haina haraka. Kufikia jua kuinama ilikuwa imejaa mara moja, na haikuwapo nafasi ya kuijaza mara ya pili.

Petro akapita na debe lake. Akanusa hewa.

"Rubani, leo unaruka au unapika?"

"Nenda zako, Petro."

"Nauliza tu. Ndege wakifukuzwa kwangu watakuja kwenu, nawajua. Wakila huku kwenu, mkweo atakula nini? Povu?"

Lupakisyo akarudi kwenye hesabu yake. Betri tatu zingemzungusha Mwewe jioni nzima. Betri moja, kwa mzunguko wake wa maringo, ingekwisha hata kabla makundi makubwa hayajafika. Akaamua kusubiri nayo mkononi, amrushe Mwewe pale tu wanapotua.

Tatizo ni kuwaona. Alisimama chini kabisa, kando ya dungu lililoanguka, mpunga umemfika kiunoni na matete ya mto yamemzunguka. Kutoka pale unaona anga iliyo juu ya kichwa chako, basi. Wa kuona majaruba yote kwa pamoja ni mtu aliye kibarazani, kule juu penye nyumba. Na kibarazani alikuwa ameketi Bi Sikuzani, mguu juu ya kigoda, mchanga bado masikioni.

Wingu la kwanza likatokea upande wa mto, nyuma ya mgongo wa Lupakisyo. Yeye alikuwa anatazama mbele, ameshika Mwewe kama mtu anayesubiri basi.

"Kuku," Bi Sikuzani akaanza, "mwambie mwenzio..." Kuku alikuwa chini ya ghala na hakuwa na mpango wa kutoka. Na hata angekuwapo, Lupakisyo yuko mbali, sauti ya kuongea na kuku haimfikii. Kweleakwelea wakajikunja angani kama shuka inayotandikwa, wakaanza kushuka. Wakatua kwenye jaruba la mwisho, lile lenye mpunga mzito kuliko yote.

Bi Sikuzani akashika nguzo ya kibaraza, akasimama kwa mguu mmoja.

"LUPAKISYO!"

Fimbo ya Petro iliganda juu ya debe. Mama mkwe kumwita mkwe wake kwa jina, tena mbele ya bonde zima, ni kama kusikia msikiti ukipiga kengele.

"We Lupakisyo! Nyuma yako! Jaruba la mwisho, wanakula kama wamelipa!"

"Naam, mama!" Lupakisyo akajibu kabla hajajua anajibu nini, akageuka, akamrusha Mwewe.

Mwewe akapita chini, mota inavuma, kivuli mbele. Shuka ile ikanyanyuka ikakimbilia matete. Lupakisyo, kwa mazoea, akaanza kumgeuza kwa mzunguko wa pili.

"Mrudishe! Wameshaondoka, unamzungusha unamwonyesha nani? Zima mota, ateleze!"

Akazima. Mwewe akateleza kimya, akamfikia mkononi.

"Mweke kivulini, betri ipoe!"

Lupakisyo akamtazama mama mkwe wake, moja kwa moja, usoni, kwa mara ya kwanza tangu aoe. Kumbe yale yote aliyomhubiria kuku jioni baada ya jioni, palikuwa na mwanafunzi ndani ya ua.

Wakaja tena, safari hii kutoka upande wa Petro. "Kulia kwako! Bado, bado, wacha watue... sasa!" Akaruka, akawatawanya, akazima, akapokea. Wakaja kwa vikundi. "Hao waache, ni wachache, watakula visuke viwili watashiba!" "Kushoto! Nimesema kushoto, huko ni kushoto kwa nani?" Petro alikuwa ameacha kupiga debe lake, anatazama, na ndege wake nao wakamshukuru kwa kula.

Jua lilikuwa limegusa milima wakati kundi kubwa kuliko yote lilipoinuka kutoka kwenye matete. Ndilo la mwisho. Kabla ya kwenda kulala hushiba kwanza. Lupakisyo akamrusha Mwewe, na kabla hajafika katikati ya shamba, king'ora kikaanza kulia.

"Mama! Kinalia!"

"Nasikia!"

"Nikiendelea, betri inakufa!"

"Inakufa kabisa?"

"Kabisa, mama! Haifufuki hii! Na ndiyo imebaki peke yake!"

Kundi lilikuwa linajikunja juu ya jaruba la mwisho.

"Betri ni yako," Bi Sikuzani akasema kutoka juu, "mpunga ni wangu. Nikikuamulia nitakuwa nimekuibia mara ya pili."

Lupakisyo akatazama mpunga. Akatazama Mwewe. Kidole chake kikasukuma mota hadi mwisho.

Mwewe akaenda, king'ora kinalia ndani ya tumbo lake kama mtoto aliyebebwa vibaya. Mlio wa mota ukapanda, ukatetemeka, ukafifia, ukakata. King'ora nacho kikakata. Panga likasimama. Akabaki povu tupu lenye mkia mpana, linateleza kimya kabisa, chini kuliko alivyowahi kupita, na kundi lile likamwona analijia usoni. Likapasuka vipande viwili. Likapiga kelele moja kubwa, likavuka mto kwenda kulala na njaa. Mwewe akazama kwenye mpunga wa jaruba la mwisho na hakuonekana tena.

Petro akavua kofia. Sijui kwa nani.

Lupakisyo akaingia kumtafuta, tope hadi mashavu ya miguu, mikono inapasua mabua taratibu.

"Kulia!" Bi Sikuzani akapiga kelele kutoka kibarazani.

"Nimeenda kulia, mama!"

"Zaidi! Na usinikanyagie mpunga, nimeulinda jioni nzima!"

"Tumeulinda, mama!"

"Wewe umelinda nini, ulikuwa unatazama mawingu! Mbele kidogo!"

Mwanvua akatokea njiani kutoka Dumila, kapu la kitoweo kichwani, akawasikia kabla hajawaona: mama yake na mume wake, wanafokeana moja kwa moja, bonde zima linasikia. Kapu likamwanguka. Akapanda mbio hadi kibarazani.

"Mama! Kuna nini? Mmegombana?"

"Kaa chini, usimchanganye," alisema Bi Sikuzani, shingo ameinyoosha, mkono juu ya macho. "Lupakisyo! Umempita! Rudi nyuma, hapo, hapo kwenye mguu wako wa kushoto!"